Nyumba ni yetu wawili, jina liwe la nani?

SWALI: Assalaam aleykum, Bi Wakili. Nimeachika, nina watoto wawili, nauza leso hapa Mombasa. Mdogo wangu yuko Doha; ana mke na wana wawili wa kiume. Tumepata nyumba Kisauni kwa shilingi 6,400,000. Mimi nina 2,400,000, yeye atatuma 4,000,000. Nitakaa humo na wanangu na mama yetu, naye akirudi ana vyumba vyake. Dalali asema kwa kuwa mdogo wangu hayupo, hati iandikwe jina langu peke yangu, tutarekebishana baadaye, na kwamba karatasi ya kwa chifu yatosha. Anataka arubuni Ijumaa. Je, ni sawa? Na wifi yangu nimwambie?
Dada Mkubwa, Mombasa

JIBU: Wa aleykum salaam, mwanangu. Ijumaa usitoe hata shilingi.

Nitakueleza kwa nini nasema kwa ukali hivi. Mwaka 1974 baba yangu, baharia, alichanga pesa na ami yangu wakanunua nyumba Majengo. Baba alikuwa safarini, basi hati ikaandikwa jina la ami. Hawakuwahi kugombana hata siku moja. Ami alipofariki, wanawe walikuja na hati, mama akaja na mkebe wa biskuti uliojaa stakabadhi za pesa alizotuma baba. Nilikuwa kidato cha pili. Mimi ndiye niliyezikunjua moja moja juu ya mkeka: nyingine zimeliwa na mende, nyingine wino umefifia, jina la baba lasomeka nusu. Tulitoka katika nyumba ile na magodoro mawili. Ami hakuwa mwizi, wala binamu zangu hawakuwa wezi. Waliona jina la baba yao tu.

Safari hii mwenye jina ungekuwa wewe, na anayebaki na mkebe angekuwa wifi yako. Angeweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi akasema mumewe alitoa milioni nne, na angesikilizwa, lakini mzigo wa kuthibitisha ungekuwa juu yake, na kesi za namna hiyo huzeesha watu.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 91, inajua namna mbili za watu kumiliki kitu kimoja. Ya kwanza ni umiliki wa pamoja: hakuna mwenye fungu lake, na mmoja akifa, aliyebaki anachukua chote. Tangu sheria hiyo ianze, namna hii ni ya mume na mke. Wengine wanahitaji ruhusa ya mahakama. Ya pili ndiyo yenu, umiliki wa mafungu. Majina yote mawili yanaandikwa, na fungu la kila mmoja linatajwa. Milioni mbili na laki nne katika milioni sita na laki nne ni tatu kwa nane; za mdogo wako ni tano kwa nane. Basi iandikwe hivyo hivyo kwenye hati ya uhamisho: wewe 3/8, yeye 5/8. Msiandike nusu kwa nusu kwa kuoneana haya, isipokuwa kweli amekusudia kukupa hiyo ziada.

Mkishaandikwa hivyo, hakuna wa kumuuzia mtu wa nje fungu lake bila idhini ya mwenzake kwa maandishi, ingawa idhini hiyo haiwezi kunyimwa bila sababu ya maana.

Sasa jambo ambalo watu hawapendi kulitamka mbele ya ndugu. Mdogo wako akitangulia, Mungu amweke, fungu lake halirudi kwako. Linakwenda kwa warithi wake, na nyinyi ni Waislamu: mkewe thumuni, yaani moja kwa nane, mama yenu sudusi, yaani moja kwa sita, akiwa hai, kinachobaki ni cha wanawe. Wewe dada huna kitu, kwa sababu mtoto wa kiume anakuzuia. Utaamka siku moja mwenzako wa nyumba ni wifi yako na watoto wadogo. Kwa hiyo andikianeni mkataba wenu wenyewe, mbali na ule wa muuzaji. Utaje kwamba akifa mmoja, au akitaka kuuza, aliyebaki apewe nafasi ya kwanza ya kununua, na bei ipimwe na mthamini. Utaje pia nani anatengeneza paa likivuja, nani analipa kodi ya ardhi ya kaunti, na kama wewe unayekaa humo utamlipa yeye chochote. Ukikaa bure, iandikwe kuwa amekubali.

Kutokuwepo kwake si tatizo. Aende ubalozi wa Kenya kule Doha atie sahihi hati ya kukupa wewe mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, kisha isajiliwe huku. Nyote wawili mtahitaji pini ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Pesa azitume benki hadi benki, kila mara aandike kuwa ni za nyumba.

Karatasi ya kwa chifu haikupi umiliki. Mkataba wa kuuziana ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Umiliki wenyewe unahama kwa usajili. Kwanza wakili wenu apekue rejista ya ardhi. Hapa kwetu muulize swali moja zaidi: tunauziwa nyumba na kiwanja, au nyumba tupu? Kisauni kuna nyumba nyingi ambazo kuta ni za mmoja na ardhi ni ya mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Ikiwa ni hiyo, bei ya 6,400,000 sitaki hata kuisikia.

Wekeni kando pia ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa nyumba ya mjini. Ikithaminiwa kwa bei hiyo hiyo ni 256,000: wewe 96,000, yeye 160,000. Arubuni ya kawaida ni asilimia 10, na hutolewa siku ya kutia sahihi mkataba, ikashikwa na wakili. Haipiti mikononi mwa dalali.

Kuhusu wifi yako, mwambie. Usimwachie mumewe kazi hiyo. Mpigie wewe, umsomee mafungu yote mawili na umtumie nakala ya mkataba aisome kwa nafasi yake. Akiwa na swali, ajibiwe kabla ya sahihi. Rasimu ikishakuwa tayari niletee, nitaisoma na wewe mstari kwa mstari.