Maswali ya Wasomaji: Tukiichangia redio ya nyumbani, itabaki huru?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, na sasa ninaishi Brussels, Ubelgiji. Umoja wetu wa watu wa nyumbani umekusanya euro 3,000 kwa ajili ya redio ndogo ya kijamii ambayo wazazi wetu huisikiliza, kwa kuwa tunaambiwa huzima mitambo saa nane mchana kwa kukosa mafuta ya jenereta. Wenzetu wengine wanataka tununue mtambo mpya wa kurushia matangazo, na wengine wanataka kwanza redio itupatie saa moja kila Jumamosi ya kueleza madhila ya watu wetu. Tuisaidieje bila kuiharibu?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo saa ya Jumamosi iacheni. Ninaanza nayo kwa sababu mahali penye vita kila msikilizaji anajua nani anamlipa nani, na siku redio itakaposikika ikisema kwa niaba ya “watu wetu”, jirani wa kabila jingine ataizima, na mwenye bunduki atamhesabu mtangazaji kuwa ni adui. Wala msidhani kwamba redio kuwa mali ya watu binafsi kunatosha kuifanya huru. RTLM ya Kigali, iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, ilikuwa redio ya binafsi yenye wanahisa wake, na waanzilishi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, walitiwa hatiani na mahakama ya kimataifa mjini Arusha mwaka 2003. Silinganishi nia zenu na za watu wale. Ninachosema ni kwamba mchango unaonunua maneno, hata maneno mema, si mchango kwa chombo cha habari.

Kuhusu mtambo, tazameni yaliyotokea ng’ambo ya ziwa. Mwezi Mei mwaka 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa nchini Burundi, redio za binafsi za Bujumbura zilivamiwa na kuharibiwa, ikiwamo Radio Publique Africaine. Mitambo iliteketea, lakini waandishi waliokimbilia Rwanda walianzisha redio ya Inzamba, wakawa wanarekodi taarifa za habari na kuzisambaza kwa simu, kupitia WhatsApp, hadi zikarudi ndani ya nchi walikofukuzwa. Kilichobaki hai ni watu waliokuwa wanajua kazi yao. Kwa hiyo, mkiniuliza euro ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwenye mshahara.

Nimewahi kukaa asubuhi nzima katika studio ya namna hiyo. Ukutani walikuwa wamebandika trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na chini ya meza palikuwa na dumu la lita 20 ambalo fundi mitambo alilipima kwa kijiti kila baada ya muda, kama mpishi anayeonja mchuzi. Mtangazaji alisoma matangazo ya vifo na ya mtoto aliyepotea, na ada ya matangazo hayo ndiyo iliyonunua mafuta ya siku ile. Mshahara haukuwapo. Mchana alikwenda kwenye warsha ya shirika fulani, akarudi na posho ambayo waandishi wa Kongo huiita coupage, na habari ya jioni ikawa ni sifa za shirika lile. Sikumlaumu, maana alikuwa na watoto. Lakini wasikilizaji siku hiyo hawakupata habari, walipata risiti iliyosomwa kwa sauti.

Wafadhili wakubwa nao wana udhaifu wao. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, imewapa Wakongo taarifa kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na imelipia kazi hiyo kwa damu: waandishi wake Serge Maheshe na Didace Namujimbo waliuawa Bukavu, mmoja mwaka 2007 na mwingine mwaka 2008. Hata hivyo, fedha za mbali hukatwa kwa kalamu ya mbali. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, zaidi ya dola milioni 260 zilizotengwa kwa vyombo huru vya habari duniani zilikwama, na mwezi huohuo kundi la waasi la M23 likauteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, wakati ambapo watu walihitaji zaidi kujua barabara ipi inapitika.

Basi gaweni fedha zenu kwa miezi 12, euro 250 kila mwezi, badala ya kuzipeleka zote kwa siku moja ya picha na hotuba. Ziwe za mishahara na mafuta, na redio itangaze hewani kwamba imezipokea na kwamba hazina sharti. Makubaliano yaandikwe, na ndani yake muahidi kwamba hamtapiga simu studio kuhusu habari yoyote, hata ikiwagusa. Hilo ndilo litakalowauma, kwa sababu siku moja itawagusa. Kabla ya kutuma, mwulizeni mkurugenzi njia iliyo salama na jina linalofaa kuonekana kwenye muamala, kwani benki za Goma zilipofungwa mwaka 2025 wengi walitegemea pesa za simu, na ujumbe wa simu husomwa na yeyote anayekunyang’anya simu kwenye kizuizi cha barabarani.

Mtambo mpya usubiri. Mwaka ukiisha, mwulizeni yule fundi mwenye kijiti kama anataka mtambo au betri za sola. Nadhani atawaambia betri.