Ukiona bluu, usiandike "hakuna sukari"

Kidato cha nne, siku ya mazoezi ya maabara, niliandika "Hakuna sukari" kwenye karatasi yangu. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba myeyusho ule niliukoroga mwenyewe asubuhi: sukari nyeupe ya chai, vijiko viwili. Nilitia Benedict, ile kemikali ya bluu ya kupimia sukari, nikachemsha, ikabaki bluu. Nikaiamini rangi kuliko mikono yangu.

Sasa nafundisha, na kosa hilo nalikuta kila mwaka. Bluu ya Benedict inatokana na shaba. Glukozi ina ncha iliyo huru inayoweza kuipa shaba elektroni, ndipo unapoona kijani, njano, chungwa, hadi mashapo mekundu ya matofali. Hiyo ndiyo sukari inayoridyusi. Sukari ya chai ni sukrozi: glukozi na fruktozi zilizoshikana kwa ncha zilezile ambazo zingefanya kazi hiyo. Hakuna iliyobaki wazi. Maltozi nayo ni glukozi mbili, ila ncha moja haikufungwa, kwa hiyo inaridyusi bila shida.

Kwa hiyo bluu ikibaki, andika tu kwamba hakuna sukari inayoridyusi, kisha chukua sampuli mpya (si ile uliyokwisha kuitia Benedict), weka matone ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, chemsha dakika chache, acha ipoe. Asidi imevunja kile kifungo. Hapa ndipo wengi huanguka: wanakimbilia Benedict moja kwa moja. Benedict inataka mazingira ya bezi, yaani kinyume cha asidi. Ikikutana na asidi itatoa povu na kubaki bluu, nawe utaapa kuwa sukrozi haipo. Tia kwanza sodiamu haidrojenikaboneti kidogokidogo mpaka povu likome kabisa, uhakikishe kwa karatasi ya litimasi kwamba asidi imekwisha, ndipo umimine Benedict na kuchemsha tena.

Osha dropa pia. Tone moja la glukozi la jirani linatosha kukuharibia jibu.

Kuna mwaka darasa zima lilinibishia: sukrozi yao ilitoa kijani hafifu hata kabla ya asidi. Nikawaambia hawakuosha vyombo. Wakaosha, wakarudia, kijani kilekile. Nikaenda kuangalia mfuko niliowanunulia dukani: sukari ya kahawia, ambayo huwa na glukozi na fruktozi kidogo ndani yake. Niliwaomba radhi. Siku hizi nanunua mifuko miwili, nyeupe ya maabara, ya kahawia ya chai yangu.