Jibu: Nina mke, naweza kuwa shemasi?

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu yangu. Umeuliza kama wewe, mwenye miaka 33, mke na watoto, unayehudumu kigangoni huko nje ya Malindi, unaweza kuwa shemasi bila kuvunja ndoa. Unaweza, ila si mwaka huu.

Kwanza angalia umri. Mwenye ndoa hupewa daraja la ushemasi akishatimiza miaka 35, na malezi hayapungui miaka 3, kwa hiyo zungumza na paroko sasa. Mwulize kama Jimbo la Malindi linapokea mashemasi wa kudumu, yaani wasioendelea kuwa mapadre, maana uamuzi ni wa askofu. Nenda na vyeti vya ubatizo, kipaimara na ndoa.

Penye uzito ni kwa mama watoto. Bila ridhaa yake hakuna daraja. Keti naye mapema, umwambie na lile gumu: akitangulia yeye kufa, huoi tena isipokuwa kwa ruhusa ya Roma. Hili wengi hulificha hadi mwisho, na ni kumkosea haki.

Kazi yenyewe: utabatiza, utahubiri, utasimamia ndoa na mazishi. Hutaadhimisha Misa, hutaungamisha, wala hutawapaka wagonjwa mafuta. Stola, ule ukanda mrefu wa ibada, utaivaa begani kushoto, ifungwe ubavuni kulia, mkono wa kulia ubaki huru kuhudumu. Anza sasa: mwombe paroko orodha ya wagonjwa wasiofika kanisani, uwatembelee kila wiki, ufue, uchote maji, uketi nao. Paroko atakapoulizwa habari zako, atakuwa na la kusema.