Maswali na Majibu ya Jukwaani: Brutus Anaongea na Nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasimamia kikundi cha maigizo shuleni kwetu, Morogoro. Tunaandaa lile onyesho la Julius Caesar ya Shakespeare ambapo Brutus, Mrumi anayewaza kumuua Caesar, yuko bustanini usiku, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere. Kijana mmoja wa mambo ya muziki ametushauri turekodi sauti ya Brutus, ipigwe kwenye spika huku mwigizaji amekaa kimya anawaza, kwa kuwa ni uzungumzi nafsi, yaani mhusika anasema akiwa peke yake jukwaani. Sisi hatuna ukumbi, taa wala pazia. Tutacheza uwanjani saa tisa alasiri. Enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza usiku waliufanyaje? Na uzungumzi nafsi una tofauti gani na yale maneno ya jukwaani yaitwayo kando?

JIBU: Marahaba. Kwanza mrudishie huyo kijana spika zake, umshukuru, akazipige kwenye harusi.

Swali hili naletewa kila msimu wa matamasha, na nadhani neno lenyewe ndilo limetuponza. Mtu akisikia "uzungumzi nafsi" anajua basi, huyu anajisemea moyoni. Vijitabu vya kudurusu vinavyouzwa stendi vimelikaza hilo kwa sentensi moja, mwanafunzi anaikariri, anapata alama zake, kisha siku ya kupanda jukwaani anakodolea mawingu macho kama anayesubiri mvua.

Julius Caesar iliandikwa kwa ajili ya jukwaa la mchana. Mswisi mmoja, Thomas Platter, aliitazama tamthilia hiyo jijini London tarehe 21 Septemba 1599, mwaka uleule jumba la maigizo la Globe lilipojengwa kusini mwa mto Thames, na ameandika kwamba ilianza kama saa nane mchana. Katikati ya jumba lile hapakuwa na paa. Waliolipa peni moja walisimama uwanjani, wamelizunguka jukwaa pande tatu, wa mbele wameliegemea. Jua lililommulika mwigizaji liliwamulika na wao. Brutus akiinua uso anaona watu, tena karibu kiasi cha kuwagusa. Sasa atajifanyaje yuko peke yake?

Hebu soma anachosema. Anaanza na hukumu: dawa ni Caesar afe. Hapohapo anakiri hana kisa naye. Ndipo anaanza kutafuta sababu: labda taji litambadilisha, labda akipanda ngazi atawasahau walio chini, basi tumhesabu kama yai la nyoka, tumuue angali ndani ya ganda. Huyo ni mtu anayetaka kuungwa mkono na hana ushahidi. Mwambie mwigizaji wako achague mtazamaji mmoja wa mstari wa mbele, yule aliyekunja mikono, ambembeleze kwa hoja ya ngazi; akiona haijaingia, amgeukie mwingine kwa hoja ya yai. Jaribuni mara moja tu mazoezini. Utasikia sauti yake inabadilika bila wewe kumwelekeza.

Kando ni rahisi zaidi. Asubuhi ya kuuawa kwake, Caesar anamwambia Trebonius, mmoja wa waliopanga kumuua, akae karibu naye. Trebonius anajibu kwa heshima kwamba atakaa. Kisha anageuza uso kidogo na kutuambia sisi kwamba atakuwa karibu mno, hadi marafiki wa Caesar watatamani angekuwa mbali. Caesar yupo palepale, ila kwa mapatano ya jukwaa hasikii. Kwa hiyo tofauti hutaipata kwa kupima urefu wa maneno au kunong'ona. Angalia nani mwingine yupo jukwaani. Na tafadhali, yale maneno ya Antony, rafiki wa Caesar, kwenye mazishi ni hotuba, si uzungumzi nafsi: Warumi wapo, wanasikia, wanajibu. Nimechoka kuyasahihisha.

Kuhusu usiku, waliufanya kwa maneno na kwa vitu vya mkononi. Brutus anaingia akimwita mtumishi wake Lucius, analalamika kwamba hawezi kukisia kwa nyota kama kunakaribia kucha, anaagiza mshumaa. Mshumaa mchana kweupe hauangazi chochote, unawaambia tu watazamaji kwamba ni usiku. Baadaye anasoma barua, na anatueleza kwamba vimondo vinavyopita angani vinampa mwanga wa kutosha. Wewe ukizima taa (kama ungekuwa nazo) umemnyang'anya mwandishi kazi yake, na umewaficha watu ambao Brutus anawahitaji.

Pazia la mbele halikuwapo pia, ndiyo maana Caesar akishauawa Antony anamwomba mtumishi wa Octavius amsaidie kuutoa mwili. Bila hivyo maiti ingelazimika kuinuka na kuondoka yenyewe mbele ya hadhira.

Ninaowalalamikia hasa ni hawa wanaopita mashuleni na laptopu wakiuza "Shakespeare ya kisasa": taa za buluu, moshi, ngurumo za kurekodi, na kila mhusika anayewaza apigiwe kinanda. Kwenye tamasha moja, ambalo silitaji, jaji alitukata alama kwa sababu Brutus wetu "aliitazama hadhira", na mshindi alikuwa kijana aliyekaa kitini dakika nne akisikiliza kaseti yake mwenyewe. Kikundi hichohicho kilikuwa kimeandika kwenye bango kwamba mwaka unaofuata kitaleta tamthilia nyingine ya enzi ya Elizabeth, Macbeth. Malkia alifariki 1603. Macbeth ni ya wakati wa Mfalme James. Ukiona mtu anauza mashine na hajui hata hilo, funga mlango wa ofisi ya walimu.

Mna uwanja na jua la alasiri, kwa hiyo mna karibu vyote walivyokuwa navyo. Kazi iliyobaki ni pale Brutus na Cassius wanaponong'ona pembeni. Decius, Casca na Cinna, wenzao katika njama, wanabishana mashariki ni upande gani, mpaka Casca anachomoa upanga kuonyesha jua litakapochomoza. Vijana wengi wanaufuta ubishi huo wakidhani ni porojo. Uacheni: ndio unaoupa ule mnong'ono muda wake, bila spika. Ila Casca wako asielekeze upanga upande wa magharibi, maana saa tisa jua lenyewe litakuwa linamsuta.