Kiatu cha kazi: anza na soli

Kibarua changu cha kwanza kilikuwa saidia fundi, Kigamboni. Nilikuwa na pea moja tu ya maana, raba nyeupe za mtumba, nikaendea nazo. Siku ya tatu nikakanyaga ubao wenye msumari. Ukapita kwenye soli kama unachoma andazi, nikaishia zahanati kudungwa sindano ya pepopunda.

Mshahara ulipotoka nikaenda Karume kutafuta buti zenye chuma mbele. Nikapata za elfu thelathini, ngozi inang'aa, soli haijasagika hata kidogo. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Haikufika wiki tatu, soli ikaanza kumeguka vipande kama biskuti iliyolowa chai. Nilimlaani sana yule muuza mitumba.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Soli nyingi za buti hizi ni za poliyurethani, plastiki nyepesi inayoliwa taratibu na unyevu hata kama kiatu hakivaliwi. Ikishakaa stoo miaka mingi, kisha ikaja kukutana na joto la Dar, haina maisha. Kwa hiyo ile soli "mpya" ndiyo ilipaswa kunishtua. Siku hizi, kabla ya kuuliza bei, nafunua ulimi wa kiatu natafuta mwaka wa kutengenezwa. Kisha nakikunja kwa nguvu na kubonyeza soli kwa ukucha. Ikiacha unga au ikionyesha nyufa, narudisha. Soli ya mpira halisi ni nzito zaidi, ila haina tabia hiyo.

Hapo hapo kwenye ulimi tafuta maandishi ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama. Maana yake ni kwamba ile kofia ya vidole imepimwa kwa pigo la jouli 200, karibu sawa na mzigo wa kilo 20 ukianguka kutoka urefu wa mita moja. Lakini kofia haizuii msumari wa chini. Ukiona alama ya daraja S1 peke yake, jua soli haina kinga ya kuchomwa; kwa saiti chukua S1P au S3, na wakati wa masika S3 ndiyo yenyewe kwa sababu ngozi yake inahimili maji.

Halafu, kabla hujatoa hela yako, muulize bosi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga. Mimi sikuuliza, niliona aibu.

Baadaye nilihamia hotelini, kuhudumia wateja. Nikanunua mokasini nyeusi za kupendeza, soli ngumu inayoteleza. Jikoni kuna vigae, kuna mafuta, na mimi nina trei ya supu... Supu ilikatwa kwenye mshahara. Kwa kazi ya kusimama na kuzunguka, tafuta soli ya mpira yenye mifereji, kisigino kifupi, na ukanunue jioni. Mguu uliosimama kutwa huvimba. Kiatu kilichokukaa vizuri saa tatu asubuhi kitakubana saa kumi.

Wa ofisini sina mengi ya kuwaambia. Dada yangu yuko benki. Mchuchumio wake unakaa kwenye droo ya meza, kwenye daladala anapanda na simpo. Wanaoshinda Feri kwenye samaki wanajua gambuti kuliko mimi, ila soksi zibadilisheni kila siku, fangasi hawana huruma. Bodaboda wa kandambili nimeshawasema nimechoka.

Zile buti za Karume? Fundi viatu wa Mbagala alizishonea soli ya tairi. Zina uzito wa kufungia mbuzi, lakini shambani Mkuranga sivai kingine.