Laptop iliyokataa Windows 11 usiiuze

Ndugu, laptop ya RAM GB 4 kukataa Windows 11 si sababu ya kuiuza. Ni kweli msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ila Linux Mint Xfce (mfumo endeshi mwepesi wa kuchukua nafasi ya Windows) itaitosha, na ni ya bure. Kwanza hamishia mafaili yako kwenye diski ya nje. Ukichagua kufuta diski wakati wa kusakinisha, hayarudi. Andika ISO (faili la kusakinishia Mint) kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus, maana ukiinakili kama faili la kawaida mashine haitawaka nayo. Ijaribu kutoka kwenye flashi kabla ya kusakinisha. Kinachosumbua zaidi ni Wi-Fi, hasa kadi za Broadcom zinazohitaji draiva (programu ya kuendeshea kifaa) ya ziada: pitisha intaneti ya simu kwa waya wa USB, kisha fungua Driver Manager ndani ya Mint uiweke draiva hiyo.