Kura ya "ndiyo" ya Bolivia haikuwa talaka

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uchaguzi wa Bolivia wa Desemba 6, 2009, ule ambao watu walichagua rais na hapohapo wakapigia kura mamlaka ya ndani, yaani mkoa kujiongoza wenyewe kwenye baadhi ya mambo. Mikoa 5 ilisema ndiyo, sasa mbona Bolivia bado ni nchi moja? Au Evo Morales aliposhinda alizifuta zile kura?

JIBU: Marahaba. Hakufuta kitu, na ramani haikutakiwa kubadilika. Hili swali naletewa kila mara na wewe sikulaumu, nawalaumu hawa wachambuzi wa mtandaoni ambao wakisikia tu neno kujitawala washaanza kuchora mipaka mipya, katiba yenyewe hata hawajaifungua. Kifungu cha 1 cha katiba iliyopitishwa Januari 2009 kinasema Bolivia ni nchi moja yenye mamlaka za ndani, vyote viwili kwenye sentensi moja! Jeshi, sarafu, mambo ya nje, hata gesi ya kule mkoa wa Tarija, vimebaki kwa serikali kuu.

Alafu usichanganye zile kura mbili. 64% za Morales ni hesabu ya nchi nzima, ila hii nyingine ya mamlaka ya ndani kila eneo lina hesabu yake, mkoa wa Cochabamba ukisema ndiyo haubebi mkoa wa Potosí. Tena siku hiyohiyo kulikuwa na manispaa 12 zilizoulizwa kama zinataka kuwa mamlaka ya wenyeji wa asili, yani zijiongoze kwa taratibu zao za jadi, 11 zikakubali na moja ikakataa, Curahuara de Carangas, ambayo iko Oruro, mkoa aliozaliwa Morales na alioshinda kwa mbali. Mtu anampa rais kura yake, anageukia swali la pili anasema hapana, kwani kuna ubaya gani? Ni maswali mawili tofauti.

Na hiyo mikoa 5 (La Paz, Oruro, Potosí, Cochabamba na Chuquisaca) ndo ileile iliyosema hapana kwenye kura ya mamlaka ya ndani ya Julai 2006, kipindi hicho Morales mwenyewe akiwa upande wa hapana. Waliosema ndiyo 2006 ni Santa Cruz, Beni, Pando na Tarija, ndo maana 2009 hawakuulizwa tena ngazi ya mkoa.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni hiki, watu kudhani ndiyo ndo mwisho wa safari. Ile ndiyo ilikuwa ruhusa tu ya kwenda kuandika hati ya kujiongoza, yaani kanuni za jinsi eneo litakavyojiendesha. Ikaja sheria ya mamlaka za ndani ya 2010, hati ikishaandikwa inapelekwa Mahakama ya Katiba ikaguliwe, ikitoka huko inarudi kwa wananchi wapige kura tena. Septemba 20, 2015 mikoa ileile 5 ikapigia kura hati zake na yote 5 ikazikataa. Ndiyo ya 2009, hapana ya 2015, mkoa uleule! Siku hiyo Charagua, manispaa ya Waguarani, wenyeji wa asili wa huko Santa Cruz, na moja ya zile 11 zilizokubali 2009, wao waliipitisha yao, na bado serikali yao mpya ilianza kazi Januari 2017, miaka 7 baada ya ile ndiyo ya kwanza.

Kwa hiyo popote pale, ukikutana na mtu anakuambia pigeni ndiyo leo kesho mnajitawala na hela zote zinabaki kwenu, huyo anakudanganya au hajui anachouza. Mwulize nani atakusanya kodi, nani ataajiri walimu, mgogoro na serikali kuu utaamuliwa na mahakama gani. Akianza kukuhutubia kuhusu uzalendo badala ya kujibu, mwambie akuletee hati uisome. Ile Desemba 2009 hakuna mkoa hata mmoja kati ya ile 5 uliokuwa na hati iliyopitishwa.